Kina cha Koo la Mchawi

Kisiwani Pelquén, ukitaka kwenda mjini kung'oa jino, kuuza kondoo au kufunga ndoa, lazima kwanza upatane na Orfelina Levicoy. Boti yake ndiyo inayovuka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na yeye ndiye nahodha, fundi wa injini na mkata tiketi. Ana miaka hamsini na sita. Goti la kushoto lilishamgomea zamani, ila mdomo bado mzima. Abiria akilalamika kwamba boti inayumba, humjibu, "Shuka utembee," na safari inaendelea.

Mama yake alifariki akimzaa. Aliyemchukua ni Sixta, dada mkubwa wa marehemu, aliyeishi kisiwa cha pili, Linahue. Sixta hakujaliwa mtoto, wala hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimfundisha kupiga kasia kabla hajajua kusuka nywele, akampeleka shule yeye ambaye hakuwahi kuiona. Orfelina alipofika miaka ishirini na kusema anataka cheti cha unahodha, wanaume wa gatini walicheka mpaka wakashika mbavu. Sixta hakucheka. Alivaa koti lake la kanisani, akamshika mkono, wakavuka hadi ofisi ya bandari, akaketi pale kwenye benchi siku mbili na kikapu cha viazi vya kuchemsha mapajani, mpaka wakampa binti karatasi ya mtihani ili Sixta aondoke, nao wapumzike. Ndiyo maana Orfelina, anayemjibu kila mtu, kwa Sixta husema "Ndiyo, Mamkubwa" na kunyamaza.

Sasa Mamkubwa alikuwa na miaka themanini na moja, anaishi peke yake juu ya ukingo wa Linahue, na bahari ilikuwa inaula ukingo huo. Kila majira ya baridi ilimega hatua mbili tatu. Mwaka huo ilichukua shamba la viazi, ikachukua na banda la nguruwe pamoja na nguruwe mmoja ambaye hakuwa na kosa lolote. Kutoka ukingoni hadi mlango wa jikoni zilibaki hatua nne. Orfelina alizihesabu mwenyewe, na usiku upepo ukivuma alilala jicho moja.

"Njoo ukae kwangu, Mamkubwa. Chumba kipo."

"Na nyumba yangu?"

"Nyumba ni mbao tu."

Sixta alimtazama mpaka mwenzake akainamisha kichwa. "Mbao hizo marehemu mume wangu alizichonga kwa shoka, majira matatu. Wewe umekulia ndani ya mbao hizo. Nyumba ikibaki, nami nabaki."

Hapo hakukuwa na la kubishana, maana kwetu nyumba haiachwi. Mtu akihama, majirani hukusanyika, nyumba ikainuliwa juu ya magogo, ikavutwa na maksai na mabati yake na vigae vyake vya mbao. Na kama kuna bahari katikati, ikafungwa mapipa matupu ubavuni, maji yakijaa ikaelea, boti zikaikokota hadi ng'ambo. Hakuna anayelipwa. Mwenye nyumba anapika, waliobeba wanakula. Hiyo ndiyo minga, na Orfelina alikwisha kuvuta nyumba za watu wengine sita. Hii ya saba ndiyo iliyomkosesha usingizi.

Kikwazo kilikuwa njia. Kati ya Linahue na Pelquén kuna njia mbili. Moja inazunguka nje, saa tisa za kukokota mahali penye upepo wa wazi, na nyumba ya miaka sitini ingefumuka huko kama kikapu. Nyingine ni mlango mwembamba wa bahari tunaouita Koo la Mchawi, saa mbili tu. Koo lina mkondo mkali usio na masihara. Hupitika nusu saa tu, maji yakijaa na kusimama. Boti zetu hazizami maji zaidi ya mita moja na nusu, nazo hupita. Zaidi ya hapo, kina chake hakuna aliyekuwa na haja ya kukijua. Lakini nyumba ikielea huzama hadi madirishani, na hiyo ni mita mbili na nusu.

Nolberto Cheuquemán, jirani yake mwenye boti ya kuvulia kome, alijaribu kupima kwa kamba na jiwe. Mkondo ulichukua jiwe, ukachukua kamba, ukabakiza kidogo umchukue na yeye. Na hata angefaulu, ofisi ya bandari isingeikubali kamba yake. Ili kuruhusu nyumba iende baharini walitaka njia iliyochorwa, na kila kina kitoke kwenye ramani rasmi ya bahari, toleo la sasa, ile ya kwenye kompyuta.

Mkuu wa zamu pale ofisini alikuwa Sajini Araya wa jeshi la majini, mtu wa kaskazini, jangwani, aliyevaa sweta mbili hata kiangazi. Orfelina alimuuliza bei ya hiyo ramani. Sajini akampigia hesabu: ramani yenyewe na kibali chake cha kila mwaka, na kifaa maalumu cha kuifungulia. Jumla ilipita pesos laki nne.

"Nisikie vizuri," Orfelina alisema. "Bahari niliyozaliwa pembeni yake, mnaniuzia?"

"Bahari ni bure, Bi Orfelina. Zinazouzwa ni namba."

"Na aliyezipima namba si alilipwa kwa kodi yangu?"

"Ya kwako na ya kwangu."

"Basi nipe za kwangu, za kwako baki nazo."

Sajini alicheka, jambo ambalo watu wa ofisi ile hawakuwa wamelizoea. Kisha akanyanyuka, akaenda pembeni ya chumba, akaondoa chungu cha maua juu ya meza, akavuta kitambaa. Chini yake kulikuwa na kompyuta. Ukutani palibandikwa tangazo lililopauka: mwananchi yeyote anaweza kutazama ramani rasmi hapa bila malipo, saa za kazi.

"Kuimiliki ndiko kwa pesa," alisema. "Kuitazama ni bure. Tangu nihamie hapa hajaja mtu hata mmoja."

"Mtu atajuaje, na mmeiotesha maua juu?"

Tangazo lilikataza kupiga picha na kuchapisha. Orfelina akauliza kama limekataza kuchora kwa mkono. Sajini alilisoma kutoka juu mpaka chini, akalirudia, kisha akasema, "Halijasema." Akamletea penseli mbili, rula na kifutio. Kwa hilo peke yake Orfelina alimwombea heri jioni ile, yeye ambaye si mtu wa sala ndefu.

Basi kwa wiki moja na nusu, kila siku ya boti, abiria wakienda kwenye shughuli zao, yeye alikaa mbele ya kile kioo, amevaa miwani ya kusomea, ananakili bahari nyuma ya kalenda za duka la chakula cha mifugo. Namba baada ya namba. Ulimi ulimtoka pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Nolberto alichungulia dirishani na kuita wenzake.

"Jamani, nahodha wetu kaanza shule! Mwalimu, mchape, hajanawa mikono!"

"We Nolberto, hata hii shule ya kuchungulia hukumaliza!"

Walicheka, lakini moyoni Orfelina alikuwa kwenye jambo lingine. Miaka thelathini na sita alikuwa amepita juu ya maji yale bila kujua kilichoko chini. Sasa aliona mashimo, aliona matuta ya mchanga, aliona mwamba ule uliovunja usukani wake mwaka wa harusi ya binamu yake, umeandikwa pale kwa alama ndogo ya msalaba, ukingoja tu mtu auangalie. Kila namba ilimaanisha mtu alisimama pale, kwenye mvua yetu hii, akapima, akaandika. Hakumjua hata mmoja wa watu hao, na alijikuta anawashukuru kwa sauti, mpaka Sajini akainua kichwa kuuliza kama amemwita.

Siku ya tano ya kuchora alifika kwenye Koo. Pale katikati, penye kisigino cha mwamba, paliandikwa mita mbili na kidogo: mbili nukta moja.

Aliitazama namba ile kwa muda mrefu. Boti zinazama moja na nusu, zinapita, sawa kabisa. Nyumba inazama mbili na nusu, na ofisi inataka nusu mita zaidi ya usalama. Haipiti. Alikunja kalenda zake polepole, akasema asante, akatoka bila kumwambia Sajini alichokiona. Nolberto alimtania tena gatini, naye hakujibu, na hapo ndipo Nolberto alipojua mambo yameharibika.

Jioni ile alivuka hadi Linahue. Alimkuta Mamkubwa amekwisha kuanza: sahani zimefungwa kwenye blanketi, picha za ukutani zimeshushwa, viazi vya karamu vimechaguliwa, vikubwa upande huu, vidogo upande ule. Kwenye jiko la kuni mikate ya viazi ilikuwa inaungua pembeni kidogo, kama Orfelina anavyoipenda.

"Bamvua kubwa ni baada ya siku tisa," Sixta alisema kabla mwenzake hajakaa. "Maksai nimeshaahidiwa jozi nane."

"Mamkubwa."

"Nini?"

"Koo halina maji ya kutosha. Ramani ya serikali imesema. Nyumba itakaa juu ya mwamba, na mkondo ukigeuka utaipasua."

Sixta hakulia. Alikaa, akafungua fundo la blanketi, akaanza kurudisha sahani kabatini moja moja. Kila sahani Orfelina alisikia imegonga kifuani kwake. Baada ya bamvua ya Machi hakuna maji makubwa kama yale mpaka baridi ipite, na baridi ikija, zile hatua nne hazitakuwepo. Wote wawili walijua.

"Umefanya uwezavyo," Sixta alisema. "Kula, itapoa."

Orfelina alikula huku machozi yakimdondokea kwenye mkate, na Mamkubwa akajifanya haoni. Katika maisha yake yote hakuwahi kumletea mama huyu jambo la maana. Alipokea malezi, akapokea shule, akapokea cheti, na siku ya kurudisha ndiyo hii, amekuja mikono mitupu na habari mbaya.

Jumatatu alikwenda ofisini kuondoa maombi yake. Angeweza kuacha tu yafe, lakini hakutaka Sajini aendelee kuhangaika na karatasi za bure. Aliweka kalenda mezani.

"Nimekuja kukurudishia penseli zako. Hatusafiri."

"Kwa nini tena?"

"Koo ni mbili nukta moja. Namba zako zimesema."

Sajini aliinama, akatazama, akakuna shingo. "Ndiyo. Mbili nukta moja. Halafu?"

"Halafu nini? Nyumba inataka tatu."

"Bi Orfelina, hiyo mbili nukta moja ni lini?"

"Lini vipi? Si maji yakijaa!"

Sajini alimtazama kwa mshangao wa kweli. Na wewe msomaji usimcheke Orfelina: mtihani wake wa unahodha uliuliza injini, taa na mafundo, haukuuliza ramani, na yeyote kati yetu angesema vilevile. Kwetu maji hupanda na kushuka mita sita, na kila kitu tunakifanya yakijaa: tunapakia yakijaa, tunaondoka yakijaa, tunazika watu wa visiwa vya mbali yakijaa. Ukituuliza kina cha gati tunakutajia cha maji kujaa, kwa sababu yakitoka hakuna gati, kuna matope na kunguru. Haikumpitia akilini hata mara moja kwamba duniani wapo watu wanaohesabu bahari ikiwa haipo.

"Hapana," Sajini alisema, na akavuta kiti akaketi karibu naye. "Ramani haiandiki maji yakijaa. Inaandika yakiwa yametoka kabisa, yale ya chini kuliko yote, siku mbaya kuliko zote. Ili nahodha asidanganyike. Kinachoongezeka juu ya hapo ni chako, zawadi."

Orfelina aliivuta kalenda yake, akaweka kidole juu ya ile namba.

"Siku ya bamvua yako," Sajini aliendelea, akifungua kitabu cha majira ya maji, "maji yatapanda mita sita juu ya hiyo namba. Sita na mbili nukta moja?"

"Nane," Orfelina alisema. Sauti haikutoka vizuri. "Nane na kidogo."

"Unaweza kupitisha kanisa."

Alimkumbatia. Alimkumbatia sajini wa jeshi la majini mbele ya wanaume watatu waliokuwa wamekuja kulipia leseni, sweta zote mbili, akambusu shavu hili na hili, akimwita mwanangu, akimwita malaika, akimwita mpumbavu kwa kutosema mapema. Sajini masikio yakamwiva. "Mimi mwenyewe," alijitetea, "kwetu maji yanapanda mita moja na ushei. Mwezi wangu wa kwanza hapa niliegesha gari la ofisi ufukweni nikaenda kunywa kahawa. Kila mtu ana namna yake ya kujifunza." Kisha akaandika kibali, akagonga muhuri, na Orfelina akakimbia gatini na goti lake lile bovu.

Siku ya siku walikuja watu themanini. Maksai jozi nane walivuta nyumba kutoka ukingoni hadi mchangani maji yakiwa yametoka, watu wakipiga kelele na kuitana majina mabaya kwa furaha. Walifunga mapipa. Kisha wakangoja. Maji yalirudi taratibu, yakafika kwenye magogo, yakafika kizingitini, yakafika madirishani, na saa tano na robo nyumba ya Sixta iliguna, ikainuka. Boti nne zilikaza kamba, ya Orfelina mbele. Sixta alikaa ndani ya boti hiyo, kavaa koti la kanisani, kaitazama nyumba yake bila kupepesa.

Walifika Kooni maji yamesimama. Orfelina alikuwa na kalenda magotini na jasho mgongoni. Aliamini zile namba, lakini kuamini na kukokota nyumba ya mama yako juu ya mwamba ni mambo mawili. Nolberto, kwenye boti ya pili, alivua kofia yake. Nyumba iliingia Kooni, ikajigeuza kidogo kama mtu anayepita mlango mwembamba, ikapita. Hakuna kilichokwaruza. Upande wa pili Nolberto alipiga honi mpaka betri ikalegea.

Saa nane nyumba ilikuwa mchangani Pelquén, na saa kumi jiko lake lilikuwa linatoa moshi. Nyama, kome, viazi, mikate, chicha, ile pombe yetu ya tufaha. Sajini Araya alikuja na boti ya doria kuhakikisha njia iko salama, akasimama mlangoni.

"Ingia ule," Sixta alimwambia.

"Mama, sisi haturuhusiwi kupokea zawadi."

"Nani kakupa zawadi? Umebeba nyumba, unakula. Kaa hapo."

Alikaa. Alipofika sahani ya pili, Sixta alisimama mbele yake na mwiko mkononi.

"Hao waliopima. Wako wapi?"

"Akina nani, mama?"

"Wenye namba. Kwenye minga hawezi mtu kubeba akaondoka na njaa. Nitapikaje karamu na waliobeba hawapo?"

Wengine walicheka. Sajini hakucheka. Alisema upimaji ule ulifanywa zaidi ya miaka ishirini nyuma, lakini majina lazima yameandikwa mahali, naye atauliza.

Ilimchukua wiki tatu na simu nyingi. Siku moja alishuka Pelquén na kipande cha karatasi. Watu watano walipima Koo la Mchawi. Wawili wamefariki, wawili hawakupatikana, mmoja yupo Valparaíso, mstaafu, anaitwa Heriberto Zúñiga. Sixta alimtaka Orfelina amsomee majina yote, ya marehemu pia, na kwa kila jina alisema "Asante" na kusubiri kidogo kabla ya linalofuata. Kisha Sajini akapiga simu. Mtandao unashika dirishani pa jikoni tu, kwa hiyo wakasimama pale wote watatu wamebanana.

Mzee aliyepokea alikumbuka. Alisema walikaa pale siku kumi na moja kwenye mvua, kimashua kidogo, mikono imekufa ganzi. Alisema mkubwa wao aliwaambia wasijisumbue, hakuna meli itakayopita uchochoro ule. Wao wakapima tu, kwa sababu kazi ilikuwa kupima. Miaka yote, alisema, alikuwa akijiuliza kama kuna binadamu aliyewahi kuiangalia namba ile.

Sixta alichukua simu kwa mikono miwili.

"Baba, mimi sijui kusoma. Lakini nyumba yangu imepita juu ya namba yako. Nimesimama ndani yake sasa hivi."

Sajini akainama kuangalia kama simu imekatika. Kisha sauti ikarudi, ndogo.

"Iligusa, mama?"

"Haikugusa hata msumari."

"Samahani, sisikii vizuri siku hizi. Niambie tena."

Alikuwa amesikia, Orfelina aliijua sauti ile. Sixta naye aliijua. Akasogea karibu zaidi na dirisha, akamwambia tena.